Kuchaji Simu za Watu Walio Chini ya Ardhi

Nimestaafu. Najua mnalicheka neno hilo, wadogo zangu, kwa sababu kustaafu ni kwa watu wenye mvi na kiinua mgongo, na mimi sina hata kimoja. Lakini nimechaji simu za watu tangu nilipomaliza darasa la saba, kwanza Maganzo, kisha kwenye machimbo ya nje ya Katoro, na sasa nimewakabidhi ninyi wawili, Neema na Limi, ufunguo wa kibanda. Mtu akishakabidhi ufunguo halafu akalala bila kushtuka kwamba kuna waya ameusahau, huyo amestaafu. Mimi bado nashtuka. Basi tuseme nimestaafu nusu.

Mliniomba niwaandikie namna ya kutunza betri. Nilianza kuandika kama yale maelekezo yanayokuja ndani ya boksi la simu, nikachana. Nikaanza upya, nikachana tena. Kila sentensi niliyoiandika nilimwona mtu mmoja anaifuata vibaya na kibanda kinaungua. Ndivyo nilivyo, mnanijua. Pacha wangu Doto hajawahi kuhangaikia chochote maishani mwake. Nadhani tulipokuwa tumboni wasiwasi wake wote aliniachia mimi. Kwa hiyo nimeona niandike tu mambo yalivyokwenda tangu siku ya kwanza, na maelekezo mtayakuta humohumo.

Siku ya kwanza sikuruhusiwa kuchomeka chochote. Mama Nkwimba, aliyenifundisha kazi, alikuwa na kibanda pembeni mwa barabara pale Maganzo, sola juu ya bati na betri ya gari chini ya meza. Wateja wake walikuwa wachimbaji wadogo wa almasi na madalali wao, watu ambao hata wakikupa simu wanaifunika kwa viganja viwili kama wanakupa kitu kingine. Alinikalisha kwenye ndoo, akanitandikia simu mbele yangu.

"Gusa. Mgongo wa mkono, siyo kiganja. Kiganja kimezoea sufuria, kinadanganya."

Niligusa.

"Ya moto, mama."

"Ya moto kama chai au kama mtoto?"

"Kama mtoto."

"Mtoto mwenye homa au mtoto aliyetoka kucheza?"

Sikujua. Akaichomoa ile simu, akaivua kava, akaiweka juu ya jiwe la ubaridi lililokuwa kivulini nyuma ya kibanda. "Homa," akasema. "Aliyetoka kucheza unamwacha apumue, anapoa mwenyewe. Mwenye homa unamvua nguo. Ng'wanawane, mwanangu, kazi hii ni ya kulea."

Hilo la mgongo wa mkono ndilo jambo la kwanza ninalowaachia, na sijawahi kupata kifaa kinacholishinda. Joto ndilo linaloua betri kabla ya kitu kingine chochote. Simu inayochajiwa inapata joto lake, hiyo ni kawaida. Lakini ukiifunika kwa kanga, ukiilaza chini ya mto, ukiiacha kwenye kava nene la plastiki chini ya bati la saa nane mchana, unaipika. Na ukiigusa ukakuta ina homa, usibishane nayo. Ichomoe kwanza, maswali baadaye.

Mama Nkwimba alinifundisha pia mambo mawili ambayo siku hizi siyafuati. Alisema simu mpya ichajiwe kutwa nzima kabla ya kuwashwa, na simu yoyote iachwe izime kabisa ndipo ichajiwe. Hakuwa mwongo. Betri za zamani, za zile simu za vitufe tulizoziita vitochi, zilitaka hivyo. Simu za kupangusa zilipoingia, betri zilibadilika na ushauri ukabaki palepale. Nilianza kushuku pale simu za kupangusa za madalali, zilizokuwa zikizimwa na kujazwa kwa nidhamu, zilipoanza kufa mapema kuliko za wazembe. Nikahangaika. Nilikuwa na simu mbili za aina moja, yangu na ya Doto niliyomnyang'anya. Moja nikaizoesha kuzima na kujaa. Nyingine sikuiacha ishuke sana wala kupanda sana. Ikifika thelathini hivi naichomeka, ikifika themanini naichomoa. Niliendelea hivyo mpaka Doto akaacha kuniomba simu yake. Ile ya kuzima na kujaa ilianza kulala mchana. Ile ya katikati ilikuwa kama siku niliyoianza.

Sikuwa na mwalimu wa kuniambia kwa nini. Niliangalia video, nyingine za Kiingereza nisichokielewa vizuri, nikarudia sehemu moja mpaka maneno yakafunguka. Nilichokielewa ni kwamba betri haipendi ncha, juu wala chini. Inapenda katikati. Nikamweleza Mama Nkwimba huku naogopa atanifukuza. Akaguna. Kesho yake nikamwona anachomoa simu ya dalali mmoja kabla haijajaa, anajifanya anapangusa meza.

Kabla sijaondoka Maganzo alinipeleka Shinyanga mjini, kwenye duka la Bwana Rahim, ambaye baba yake naye aliuza vifaa vya umeme hapohapo. Nilichukua chaja za bei ya chini kabisa, nikazipanga kaunta kwa mstari ulionyooka. Bwana Rahim akazirudisha rafuni moja moja.

"Hizi usinunue, dada. Hizi nawauzia watu wasiouliza."

"Na mimi sijauliza."

"Umezinyoosha mara tatu. Wewe ni mtu wa kuuliza."

Akanipa nyingine, nzito, za umeme uliotulia. Neema, Limi, kwenye chaja msibane matumizi. Chaja mbovu huwa haionyeshi ubaya wake siku ya kwanza.

Nikaja Katoro kwa sababu simu zilikuwa huku, na mkono uliopata dhahabu haukai na simu ya zamani. Hamkuikuta ile hali. Umeme wa gridi haujafika, jenereta linaunguruma, karasha linasaga mawe kutwa nzima, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye tundu la chaji. Kila asubuhi nilisafisha matundu yale kwa kijiti cha mbao kilichochongwa. Kamwe msitumie sindano. Kibanda changu kilikuwa cha mabanzi na bati, na ukutani misumari ya kuning'iniza simu, kila moja na kadi ya jina. Nilipanga waya zote zielekee upande mmoja. Moja ikipinda nilikuwa sili.

Sasa niwaeleze desturi ya pale, maana bila kuijua hamtaelewa kilichotokea. Mchimbaji hazami na simu. Chini hakuna mtandao, kuna maji, na simu ikidondoka ndani ya duara, lile shimo la kuchimbia, haiokotwi. Kwa hiyo kabla ya kuzama anamwachia dada wa chaji. Akiibuka, kabla hajanawa, anakuja kibandani, na ni lazima aikute simu yake kwenye waya, inawaka, imejaa. Waliamini simu ikizima juu, duara nalo linazima chini, mwamba unaficha dhahabu. Mtu akikuta simu imechomolewa alinuna kama amekuta mkewe amefungasha. Hivyo simu zilikaa kwenye waya zamu nzima, zimejaa, zinaendelea kujazwa, chini ya bati linalochemka. Betri zilivimba, wakazitupa, wakanunua nyingine, wakalaani maduka kwa kuuza feki. Sijui mahali pengine ambapo watu waliua betri kwa kuziheshimu namna ile.

Sikuweza kuvumilia. Nikatafuta njia. Simu ikifika themanini naichomoa, naiweka kwenye rafu ya udongo niliyoijenga upande wa kivuli. Winchi, ile ya kuwavuta watu kwa kamba, ikipiga kengele kwamba watu wanaibuka, nazirudisha zote kwenye waya mbiombio. Mwenyewe anaikuta inawaka, roho yake inatulia. Tatizo lilikuwa namba. Walitaka mia, wakakuta themanini na kitu. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Masanja.

Masanja alikuwa mchimbaji kutoka upande wa Maganzo, mrefu, mwenye maneno. Yeye ndiye aliyenipa jina la Dada Themanini.

"Dada Themanini," alikuwa anasema mbele ya watu, "ugali nao unauepua ukifika themanini?"

"Ugali hauvimbi, kaka."

"Unavimba tumboni!" Watu wakicheka, anaongeza, "Ya kwangu usiichomoe. Nikiikuta haina mia nakuhesabia umeninyima."

Simu yake ilikuwa kubwa, kioo kimepasuka pembeni. Aliiangalizia mpira huku iko kwenye chaji, aliiweka juu ya injini ya karasha wakati wa kula, na mgongo wake ulipoanza kuinuka aliubana kwa kipande cha mpira wa tyubu, akakikaza. Nilimwambia betri iliyoanza kuinuka haibanwi, inabadilishwa. Akasema ataibadilisha akipata mzigo wa dhahabu. Nilimwambia mara nyingi hadi nikaona nageuka kero. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi ana shida hiyo, anaonya kwa kila kitu, mwisho hakuna anayejua onyo lipi ni la kweli.

Asubuhi hiyo hakuja na utani. Alinipa simu kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka, Baba Pendo. Vipi leo?"

"Pendo yuko Shinyanga hospitali. Tumbo. Nimewaacha juzi, nimerudi kwa sababu zamu yangu imefika, nikiikosa anaingia mwingine." Pendo alikuwa binti yake, ndiyo kwanza ameanza shule. "Madaktari wanaangalia. Wakiamua kumpasua, mama yake atapiga, niende nikatoe damu. Yeye ni mjamzito, hawezi kutolewa. Ikilia, pokea. Mwambie Maduhu wa winchi, atanifikishia."

"Nitapokea."

"Na uiache kwenye waya."

Nikaiacha kwenye waya. Nikaitundika karibu na uso wangu, sikuiweka pamoja na zingine. Nilikuwa naigusa kila mara kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa ya moto kama mtoto aliyetoka kucheza, nikajiambia ni mtoto aliyetoka kucheza.

Jua liliposimama juu ya bati niliigusa nikatoa mkono haraka. Kisha harufu ikanijia, tamu, kama rangi ya kucha. Kama hamjawahi kuinusa, siku mkiinusa msijiulize. Nikaichomoa, nikaukata ule mpira wa tyubu, na mgongo wa simu ukafunguka wenyewe kama mdomo. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Kwenye kioo, baada ya kukaa kwenye waya tangu asubuhi, ilikuwa na asilimia kumi na moja tu. Nikiwa bado naiangalia ikawa kumi.

Niliitoa nje, nikaiweka juu ya mchanga mkavu mbali na kibanda, nikasimama juu yake. Nikiirudisha kwenye waya inaweza kuwaka, na ndani kuna simu za machimbo yote na ukuta wa mabanzi. Nikiiacha, itazima, na Mama Pendo atapiga asisikie kitu. Mtaniuliza, si ungetoa laini ukaiweka kwenye simu yako? Ndiyo. Kila mtu mwenye akili angewaza hivyo. Lakini dada wa chaji hagusi laini. Ndani ya laini kuna pesa ya mtu, kuna jina lake, kuna kila kitu chake. Aliyekuwa kibandani kabla yangu aligusa laini ya mtu, hata sijui kwa nia gani, akaondolewa machimboni siku hiyohiyo, na tangu hapo wachimbaji walitutazama vidole. Kazi yangu yote ilisimama juu ya kanuni hiyo moja. Ruhusa ya kuitoa ilikuwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa chini.

Nilimwomba mama muuza chai wa jirani alinde kibanda, nikachukua ile simu ndani ya karai la mchanga, nikaenda kwenye duara. Wanawake hatukuruhusiwa kufika mdomoni pake. Palikuwa na mstari wa mawe na nyuma yake unasimama. Nilisimama. Maduhu, msimamizi wa winchi, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, akaniona.

"Dada Themanini! Umekuja kutuchomoa?"

"Kaka Maduhu, mwambie Masanja simu yake imevimba. Aniruhusu nitoe laini."

"Umeichomoa?" Utani ukamtoka usoni. Wenzake wawili wakaacha kamba. "Umechomoa simu ya mtu aliyezama?"

"Imevimba. Itawaka."

"Na ikizima je?"

"Ndiyo maana nimekuja. Tafadhali, kaka. Mwambie."

Akainama kwenye duara akaita. Sauti ikapokelewa na mtu wa kwanza chini, akaipeleka kwa wa pili, ikaenda ikipungua mpaka sikuisikia. Nikaangalia karai. Saba. Nikapunguza mwanga wa kioo, nikazima kila kilichokuwa kimewashwa nyuma, nikabakiza mtandao wa kupigiwa tu. Jibu likapanda polepole, mdomo kwa mdomo.

"Anasema laini isiguswe," Maduhu akasema. "Anasema chaji."

"Haichajiki!"

"Ndicho alichosema."

Bila shaka chini kilifika nusu ya maneno yangu. "Chaji" ni neno dogo, linapita popote. "Imevimba" lilikuwa limebaki njiani. Ilikuwa sita. Nikasema neno ambalo nilijua halitabaki njiani.

"Mwambie Pendo."

"Pendo amefanyaje?"

"Mwambie hivyohivyo. Pendo."

Likashuka. Hatukusikia jibu. Tulichokiona ni kamba ikikazwa kutoka chini, ikitikiswa kwa nguvu, na Maduhu na wenzake wakarukia winchi. Ni hapo tu nilipoelewa nilichokifanya. Mtu yuko gizani, amepelekewa jina la mwanawe peke yake, bila kitu mbele wala nyuma. Urefu wote wa duara lile alipandishwa akiwa na jina hilo tu. Nilitaka kumwita Maduhu nimwambie ateremshe maneno mengine, mzima, mzima, lakini winchi ilikuwa inalia na hakuna aliyenisikia.

Aliibuka akiwa wa rangi ya udongo mtupu, macho tu ndiyo yaliyokuwa yake. Alivuka mstari wa mawe akaja kunisimamia.

"Pendo amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Sijapigiwa. Simu ndiyo imevimba."

Aliangalia karai. Aliniangalia mimi. Nilidhani atanipiga, na kusema kweli nilikuwa nimeshafumba macho. Akakaa chini ghafla, miguu imemnyooka mbele kama mtoto, akaanza kuhema.

"Dada," akasema, "nilikuwa nimeshamzika."

"Nisamehe, Baba Pendo. Itoe laini. Itoe wewe mwenyewe, mimi siigusi."

Vidole vyake vilikuwa vimejaa tope. Nilivua hereni nikampa, ncha yake ikaingia kwenye kile kitundu, kijidroo kikatoka. Alikuwa ameshaizima simu, ikiwa na tatu au nne, sikuangalia tena. Nikatoa simu yangu. Nayo ilikuwa na sitini na mbili, kama ninavyoitunza siku zote. Laini yangu nikaifunga kwenye pembe ya kanga, ya kwake ikaingia. Tukasubiri mtandao usimame, sisi wawili tumekaa kwenye mawe, Maduhu ameinama juu yetu na kofia yake.

Ujumbe ukaingia kwamba alipigiwa wakati hapatikani. Kisha ikalia mkononi mwake.

"Uko wapi?" Sauti ya Mama Pendo ilitoka kubwa, tuliisikia wote. "Nimepiga hupatikani, Baba Pendo, uko wapi? Wanamwandaa. Wanataka damu."

"Nakuja."

"Unakuja kutoka wapi?"

"Nimeshaibuka," akasema. "Nakuja."

Hakunawa. Maduhu alimpigia mbinja kijana wa bodaboda, Masanja akapanda na tope lake kwenda Katoro kukamata basi, na simu yangu ikaenda naye. Nilikimbia nyuma ya pikipiki nikipiga kelele, "Punguza mwanga! Usiiweke juani! Isifike sifuri!" Maduhu alicheka mpaka akashika magoti. Baadaye akanisaidia kuizika ile betri kwenye mchanga mkavu mbali na nyumba, hatukuitoboa, hatukuibonyeza, mpaka nilipopata wa kuipeleka inakostahili.

Nikabaki sina simu, nimezungukwa na simu ambazo siwezi kuzigusa. Maduhu ndiye aliyekuwa na namba ya Masanja. Alikuja kuchukua simu yake kibandani, akapiga mbele yangu. Haipatikani. Akapiga tena jioni. Haipatikani. Kesho yake hivyohivyo. Nilijua betri yangu kuliko ninavyojua moyo wangu. Sitini na mbili, mwanga umepunguzwa, haiwezi kuwa imeisha. Kwa hiyo ilikuwa imezimwa, na mtu haizimi simu hospitali bila sababu. Nikatafuta sababu, nikazipata nyingi, zote mbaya. Kwenye duara zamu ya Masanja ilikuwa imechukuliwa na mwingine, na wengine walisema nimelizimisha kwa kuchomoa. Nilichaji simu za watu, nikachomoa, nikarudisha, nikanyoosha waya, nikanyoosha tena.

Alirudi siku ya gulio. Nilimwona anashuka kwenye bodaboda akiwa safi, na sikuweza kuusoma uso wake kwa sababu sikuwahi kuuona bila tope au utani. Alitoa mfukoni kifurushi cha nailoni. Ndani ya nailoni kitambaa. Ndani ya kitambaa simu yangu.

"Shika."

Niliipokea, nikaigusa kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa ya moto sana. Jua la njia nzima, nailoni, kitambaa. Homa kabisa.

"Mbona ulikuwa hupatikani?" Sauti yangu ilitoka kama ya ugomvi.

"Si ulisema isifike sifuri? Nikaizima. Naiwasha nikiwa na shida, naizima. Nimekutunzia."

Sikuweza kuuliza lile lingine. Akajua.

"Iwashe," akasema.

Nikaiwasha. Asilimia mia moja. Tangu ninunue ile simu haikuwahi kuonyesha namba hiyo.

"Wodini kuna soketi moja," Masanja akasema. "Mama yake aliipangia foleni. Nikamwambia ikitosha basi, huyu dada hapendi ijae. Pendo akakataa. Amelala na bandeji yake, anaiangalia kama tamthilia. Themanini na nane, Baba. Tisini, Baba. Hesabu za mia ndizo walizofika shuleni kabla hajaugua. Akaniambia, usiichomoe mpaka nimalize kuhesabu." Akageuka akatazama barabara. "Kwa hiyo nimekujazia, Dada Themanini. Aliyejaza ni yeye."

Nilikaa nayo mapajani ikiwa na moto wake.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kidogo kidogo. Masanja alitangulia kuniruhusu niichomoe simu yake, mbele ya watu, kwa sauti, na wengine wakafuata bila kusema. Gridi ikaja, kila mtu akawa na soketi yake na pawabenki yake, na wanaokuja kibandani siku hizi wanakuja na betri zilizokwisha kuharibika nyumbani. Hiyo sasa ni kazi yenu, nanyi mnajua kubadilisha betri kuliko mimi, mikono yenu haitetemeki. Wafundisheni watu katikati. Wafundisheni kivuli, kuvua kava, chaja nzuri. Simu ya kuwekwa kabatini iwekwe ikiwa nusu, isiwe tupu wala imejaa. Iliyovimba isirudi kwenye waya hata mwenyewe akilia. Na ruhusa ya laini ombeni wakati mtu anawapa simu, kabla hajazama. Tangu siku ile nilimwuliza kila mmoja.

Siku yangu ya mwisho, mkiwa mmetoka kwenda kuleta viti, Masanja alikuja na simu mpya. Anampeleka Pendo Shinyanga akaangaliwe ule mshono wa zamani, wanaondoka na basi la mchana. Akaiweka mezani.

"Mpaka ngapi, dada?" Alikuwa anatabasamu, anasubiri.

"Mna safari," nikasema. "Mia."

Akaenda kununua maji. Nikaichomeka kivulini, nikaivua kava, nikakaa mbele yake. Ilipofika themanini mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwenda kwenye waya. Nikaurudisha, nikaukalia, nikaanza kuhesabu themanini na moja, themanini na mbili, kwa sauti, mpaka mwisho.